Muulize Daktari wa Mifugo: "Anasimama usiku kucha, na maziwa hashushi"

*Shikamoo Daktari. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara wa Friesian, hapa Goba. Kabla sijamhamishia kwenye banda jipya mwezi Desemba alikuwa akinipa lita 14 kwa siku. Sasa ni 9, siku nyingine 8. Usiku nikimchungulia namkuta amesimama. Kijana akija kukamua anapigwa teke na ndoo inamwagika, lakini Jumapili nikikamua mwenyewe ametulia. Jirani ananiambia huyu amekuwa mkorofi, nimfunge miguu kwa kamba au nimpeleke machinjioni Vingunguti. Na banda nimejenga la uhakika: sakafu ya saruji imepigwa nili, ukuta wa tofali pande tatu, bati jipya. Tatizo nini? – Mama wa Goba*

Marahaba, mama. Vingunguti tumwache kwanza. Sakafu ya nili, ukuta pande tatu, bati: kama ungekuwa unajenga stoo ya soda ningekupongeza.

Ng'ombe wa maziwa asiye na shida hulala chini kati ya saa 10 na 14 kwa siku, kwa vipindi, na sehemu kubwa ya kucheua anaifanya akiwa amelala. Anayesimama usiku kucha ameona kulala kunamgharimu. Tazama anavyoinuka. Huanza na sehemu ya nyuma, uzito ukiwa kwenye magoti ya mbele, na ili nyuma ipande lazima asukume kichwa mbele kwa nguvu. Mbele ya kichwa chake kuna nini? Kama ni tofali, kila akiinuka anagonga. Baada ya muda ataacha kulala, au utamkuta amekaa kitako, miguu ya mbele imesimama na ya nyuma imekwama. Huo ukuta wa mbele toboa, uache wazi kuanzia usawa wa kifua chake kwenda juu.

Halafu fanya hivi leo jioni, watoto wasikuone wakakucheka: ingia bandani, jiangushe kwa magoti pale anapolala. Ukiumia wewe, yeye mwenye kilo 400 na zaidi anaumia zaidi. Ukiinuka na kanga imelowa, umepata jibu la pili. Mwekee maranda kutoka kwa mafundi seremala, au mchanga, unene wa sentimita 15 hivi, na yaliyolowa yatoke kila siku, maana matandiko machafu ndiyo njia fupi ya kupata ugonjwa wa kiwele. Nili nayo mwite fundi aikwangue, achore mifereji myembamba ili kwato zipate pa kushika. Ng'ombe aliyeteleza mara moja hutembea kwa woga, na akiwa kwenye joto la kutaka dume hatapanda mwenzake wala hataonyesha dalili, nawe utasema hashiki mimba.

Sasa bati. Umemhamisha Desemba, kaskazi limeanza, jua la Dar linachoma na hewa imejaa unyevu. Chotara wa Friesian huanza kutaabika joto likipita nyuzi 25 hivi, na sisi hapa hata usiku joto halishuki sana kwa miezi hiyo. Anapopata joto anasimama makusudi, ili hewa impite tumboni na kwenye mapaja. Mhesabie pumzi mchana kwa kutazama ubavu ukipanda na kushuka: zikizidi 60 kwa dakika, amezidiwa. Inua paa lifike mita tatu, au tandaza makuti juu ya bati. Ukuta wa pembeni ubaki wa mita moja tu, juu papite upepo. Majani mengi mpe alfajiri na jioni. Na maji, mama! Maziwa ni maji kwa asilimia 87. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kumaliza lita 60 hadi 100 kwa siku, na wengi mjini naona wanawekewa ndoo mbili asubuhi kwa sababu ya bili. Pipa lijae saa zote, tena likae kivulini.

Limebaki teke, na hapa nitasema bila kukuficha: huyo kijana anampiga. Pengine hajawahi kumpiga mbele yako. Ng'ombe anawatambua watu mmoja mmoja, na aliyemchapa kwa mpira wa maji wiki iliyopita anamjua leo. Akimwona, mwili unatoa homoni ya hofu inayozuia ile inayoshusha maziwa. Maziwa yamo kwenye kiwele, ila hayatoki. Ile ya kushusha nayo inafanya kazi dakika chache tu, kwa hiyo kiwele kikishaoshwa, kukamua kuanze ndani ya dakika moja hivi; siyo kijana aoshe kisha aende kupokea simu. Paul Hemsworth na wenzake walilichunguza hili Australia miaka mingi: mashamba ambako ng'ombe waliwaogopa watu ndiko maziwa yalikopungua.

Mfundishe kijana aingie akiongea, asitokee nyuma. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa pale nyuma yake kabisa, na chochote kinachomgusa kutoka huko kwake ni fisi. Aje kwa upande wa bega, aweke mkono kwanza kiunoni, auteremshe taratibu hadi kwenye kiwele. Sindano zisichomwe mahali anapokamuliwa, wala mkamuaji asiwe ndiye anayemshika. Kamba ya miguuni mpe jirani yako aanikie nguo.

Na mshahara wa kijana ulipe kwa wakati. Nimeona mabanda mengi mjini hapa yanayobadilisha mkamuaji kila baada ya miezi michache, kisha tajiri ananipigia simu kuuliza dawa ya kuongeza maziwa.

*Daktari, mimi nanunua madume mnada wa Pugu. Wakifika kwenye mlango wa lori la Fuso wanagoma, vijana wanawasokota mikia hadi inavunjika. Kuna njia nyingine? – Mchuuzi, Gongo la Mboto*

Ipo, na ile ya kwenu ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Panda mwenyewe kwenye njia ya kupakilia, inama usawa wa macho ya dume, utazame. Mmarekani Temple Grandin alijipatia jina kwa kufanya hivyo hivyo: alikuta wanyama wanagomea mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa uzioni, kivuli kilichokata njia. Gari lako ndani ni giza na nje ni jua kali, na ng'ombe hapendi kutoka kwenye mwanga kuingia gizani. Fungua turubai la juu. Tandika mchanga sakafuni. Mtu anayewaswaga asimame nyuma kidogo ya bega. Akisimama mbele ya bega dume linarudi nyuma, hata apige kelele vipi. Usiwaache wakapigana usiku kucha kabla ya kuchinjwa: misuli inaishiwa sukari, na nyama inatoka nyeusi, ngumu, isiyokaa. Mwenye bucha atakuuliza wewe.

*Ndama wangu wawili wananyonyana masikio na vitovu. Ni minyoo? – Msomaji, Kigamboni*

Siyo minyoo. Wanakunywa maziwa kwenye ndoo kwa dakika moja, hamu ya kunyonya inabaki. Nunua ndoo yenye chuchu, na wakimaliza maziwa wape pumba au majani laini hapo hapo, kabla hawajageukiana. Kitovu kikiwa kimevimba au kina moto, usisubiri toleo lijalo; mwite daktari wa mifugo aliye karibu nawe.