Kompyuta mpya inawaka sekunde mbili, kisha inazima

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nimeunda kompyuta yangu ya kwanza: prosesa ya Ryzen 5 7600, madabodi (bodi kuu) ya B650, RAM (kumbukumbu) ya DDR5 vipande viwili, kadi ya grafiki ya mtumba na powasaplai ya wati 650. Nikibonyeza swichi, feni zinazunguka kama sekunde mbili, zinasimama, halafu zinaanza tena zenyewe. Skrini ni giza tupu, ila taa ya madabodi haizimi. Nimeazima powasaplai ya rafiki yangu na mambo ni yale yale. Je, madabodi imekufa? Niirudishe dukani?

JIBU: Usiirudishe bado, ndugu yangu. Na kabla ya yote, nikuulize: ulipoazima ile powasaplai, ulivuta na nyaya zake, au ulibadilisha boksi tu na nyaya zako ukaziacha ndani? Kama ni zile zinazochomoka pande zote mbili, usirudie tena. Upande wa madabodi hufanana kwa kampuni zote, lakini upande wa powasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyopenda. Waya unaingia vizuri kabisa, kisha volti 12 zinapita palipotakiwa volti 5, na diski inaungua mara moja. Hilo likitokea, hakuna cha kutengeneza.

Tuseme ulifanya sawa. Taa ya madabodi isikutie moyo sana. Powasaplai ikiwa imechomekwa ukutani hutoa volti 5 za kusubiri hata mashine ikiwa imezimwa, na ndizo zinazowasha taa hiyo. Haisemi lolote juu ya volti 12, ambazo ndizo prosesa inazitegemea.

Mimi huhesabu sekunde kabla ya kushika bisibisi. Mashine inayozima baada ya sekunde nne au tano, kila mara vilevile, mara nyingi ina swichi ya kasha, yaani ya boksi la kompyuta, iliyokwama ndani. Madabodi inadhani umeibonyeza na kuishikilia, nayo inatii. Ikikaa nusu dakika au zaidi ndipo izime, shuku joto: kipozi cha prosesa hakijakaza, au ile karatasi ya plastiki ya chini yake haikubanduliwa. Prosesa yako haitaki kupita nyuzi 95. Ikizima papo hapo na isiwake tena mpaka uchomoe waya ukutani, basi kuna shoti mahali na powasaplai inajilinda.

Yako ya sekunde mbili, inayojirudia yenyewe, hunifanya nitazame kwanza kona ya juu kushoto ya madabodi, karibu na prosesa. Pale pana tundu la pini nane la umeme wa prosesa. Wengi huchomeka ule waya mkubwa wa pini 24 wakadhani wamemaliza. Wengine hutia hapo waya wa kadi ya grafiki, kwa kuwa nao una pini nane. Waya wa prosesa hugawanyika nne kwa nne, wa kadi hugawanyika sita kwa mbili. Ukiona unalazimisha, ujue si wenyewe.

Kama waya uko sawa, toa kila kitu kwenye kasha. Ndiyo, kila kitu, najua inachosha. Weka madabodi juu ya katoni yake, si juu ya ule mfuko wa kung'aa iliyokuja nao, kwa maana mfuko huo unaweza kupitisha umeme. Bakisha prosesa, kipozi na kipande kimoja cha RAM katika tundu la pili ukihesabu kutoka kwa prosesa, ukikibana mpaka kilie "tak". Kadi ya grafiki iweke kando: 7600 ina grafiki zake ndani, chomeka skrini kwenye madabodi yenyewe. Usipitie UPS (kile kifaa cha betri ya akiba), chomeka ukutani moja kwa moja. Swichi huna sasa, kwa hiyo gusisha zile pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu.

Ikiwaka na isizime, tulia. DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza hujipima, na skrini inaweza kubaki giza dakika kadhaa. Nenda ukachemshe chai. Wapo waliozima hapo kwa pupa, wakaanza upya, wakazima tena, jioni nzima.

Ikiwa kwenye katoni inaishi lakini ndani ya kasha inakufa, kosa liko kwenye kasha. Hesabu vile vijiguu vya shaba vinavyoinua madabodi isiguse bati. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha kimoja mahali pasipo na tundu la skrubu. Kiligusa mgongo wa madabodi, nikamaliza siku nzima nikilaumu RAM isiyo na hatia. Ikikubali kuwaka ndani ya kasha, kadi ya grafiki irudishe mwisho kabisa, maana ya mtumba nayo huweza kuwa na shoti.

Ikikataa hata kwenye katoni, jaribu kile kipande kingine cha RAM. Kisha ng'oa prosesa utazame soketi, pale prosesa inapokaa, kwa tochi ya simu, ukiinamisha mwanga pembeni. Kwa soketi hii pini ziko upande wa madabodi, na hata moja iliyolala inatosha kuleta haya yote. Pini zikiwa zimenyooka, hapo ndipo uibebe dukani, na usisahau kile kifuniko cheusi cha plastiki cha soketi. Maduka mengi hayapokei madabodi bila hicho.