Kabla hujakopea nyongeza ya mshahara, ulizia ikama kwanza

Jamani Mei Mosi ikishapita tu simu yangu haipumziki. Mimi nipo kitengo cha utumishi kwenye halmashauri hapa Dar, sasa ndugu, majirani, mpaka walimu niliosoma nao wakisikia Rais kataja asilimia wote swali ni lilelile, "kwa hiyo mimi naongezewa shilingi ngapi?"

Angalia ya 2025 kule Singida. Rais Samia alitangaza asilimia 35.1, watu wakashangilia, huku Mbagala mpaka wenye nyumba walishangilia maana walishajua kodi inapanda. Lakini hiyo 35.1 ilikuwa ya kima cha chini cha mshahara serikalini, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Wewe ambaye ulishavuka huko ngazi yako ina kiwango chake, usichukue mshahara wako ukazidisha kwa 35. Mwaka 2022 ilikuwa hivyohivyo na ile asilimia 23.3 ya kima cha chini, mishahara ya Julai ilivyotoka watu wakaona elfu kumi na kitu, ishirini na kitu, zikawa kelele nchi nzima.

Halafu kuna makato ambayo kwenye furaha huwa hayakumbukwi. Hiyo laki tano toa PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, ni 25,000, toa bima ya afya asilimia 3, ni 15,000, PAYE, ile kodi ya mshahara, kama 16,400, na ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachokata asilimia 2 toa 10,000 nyingine, unabaki na kama 433,600. Kama una deni la bodi ya mikopo ndo usiseme, hao wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Ila kiukweli kwa watu wengi hela yenyewe haipo kwenye tangazo, ipo kwenye kupanda daraja, yaani cheo, na daraja linategemea ikama. Ikama ndo inasema ofisi yenu mwaka huo wa fedha itakuwa na watumishi wangapi, wa kada gani, vyeo gani, na bajeti yao ya mishahara. Unaweza ukawa umetimiza miaka yako yote, barua safi, bosi anakupenda, lakini kama cheo chako kipya hakikuingizwa kwenye ikama basi unasubiri mwaka mwingine. Na majedwali ya ikama hayajazwi Juni, yanajazwa miezi mingi kabla, watu wengine wakiwa wanawaza Krismasi na ada za Januari. Kwa hiyo mimi nakushauri kuanzia Novemba nenda kwa afisa utumishi wako, kwa adabu lakini usimwachie, omba kuona upo wapi kwenye tange, ile orodha ya watumishi kwa vyeo na ukongwe kazini, tarehe yako ya ajira iko sawa, barua ya kuthibitishwa kazini ipo kwenye faili, na PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji kazi, umejaza au unauona kama usumbufu tu kama tulivyokuwa tunaiona OPRAS iliyokuwepo kabla yake. Anayekuja Julai kulalamika namwonea huruma lakini sina la kumsaidia.

Na majina! Cheti cha form four jina moja, NIDA jingine, barua ya ajira herufi imerukwa. Waliopitia uhakiki wa watumishi hewa 2016 na ule wa vyeti 2017, ambao orodha ya wenye vyeti feki ilitoka na watu 9,932, wanajua kipindi kile hata wasio na kosa walikaa bila kupanda daraja huku kila kitu kimesimama. Rekebisha sasa hivi kukiwa kimya.

Wanaotaka kuhamia Dar nao wananichosha kidogo, samahani. Walimu wengi wanataka mjini wakati vijijini ndo kuna upungufu, nafasi ikiwa imejaa huku hata ulie vipi haifunguki. Tafuta wa kubadilishana naye wa kada yako na cheo chako, ndo njia inayotembea.

Mkopo je? Sheria inataka ubaki na theluthi moja ya mshahara, benki wanaifuata, kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, hawana habari nayo. Subiri salary slip ya Julai itoke, uisome mstari kwa mstari, ndo uende benki.