Usinunue priamplifaya kabla ya kuangalia nyuma ya amplifaya

Ndugu yangu wa Nkuhungu, umeuliza kama priamplifaya, yaani kifaa kinachokuza mawimbi hafifu ya sauti kabla hayajafika kwenye amplifaya, itainua sauti ya deki yako ya CD. Hapana, tunza hela yako. Amplifaya yenye kitufe cha kuchagua CD, AUX au redio tayari inayo ndani, na deki hutoa takriban volti 2, zinatosha kabisa.

Ila hiyo gramafoni uliyorithi kwa babu ndiyo yenye shida: nyingi hutoa milivolti 5 hivi tu. Nyuma ya amplifaya pakiandikwa PHONO (tundu la gramafoni), chomeka hapo. Pasipoandikwa, nunua priamplifaya ya gramafoni. Waya wa ethi wa gramafoni ufunge kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya au priamplifaya. Mimi niliuacha unaning'inia, spika zikavuma mfululizo.

Usifungue boksi la amplifaya mwenyewe, kapasita (vipuri vya kuhifadhi umeme) hubaki na umeme hata ukichomoa plagi. Mpelekee fundi.