Ugonjwa adimu wa mishipa ya damu na daktari wa ada ya mwezi: ninayowaambia ndugu zangu walioko Marekani

Nikienda kupimwa presha, popote pale, natoa mkono wa kulia na kusema mapema: kushoto hapana. Mshipa unaopeleka damu kwenye mkono wangu wa kushoto umesinyaa, kwa hiyo mashine ikifungwa huko inaonyesha namba ndogo za kupendeza ambazo si za kweli. Presha halisi, ile inayosukuma kwenye ubongo, moyo na figo, iko juu. Muuguzi asiyenijua anaweza kuniambia niko salama siku ambayo siko salama hata kidogo.

Ugonjwa wangu unaitwa Takayasu, kwa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani ambaye mwaka 1908 alieleza mishipa ya ajabu aliyoiona ndani ya jicho la msichana wa miaka 21. Kinga ya mwili inashambulia kuta za aorta, yaani mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, pamoja na matawi yake makubwa. Kuta zinavimba, zinanenepa, na njia ya damu inabana. Wengi wetu ni wanawake, 8 au 9 kati ya 10, na mara nyingi huanza kabla ya miaka 40. Katika nchi za Magharibi hukadiriwa wagonjwa wapya 1 au 2 tu kwa kila watu milioni kwa mwaka, ndiyo maana daktari anaweza kufanya kazi hadi anastaafu bila kukutana na mgonjwa hata mmoja.

Swali ninaloulizwa sana na Watanzania, Wakenya na Wakongo wenzangu wa hapa ni kuhusu daktari wangu wa familia, yule ninayemlipa ada kila mwezi. Je, inafaa? Je, mtu anaweza kuacha bima akawa naye peke yake? La pili nalijibu haraka: usithubutu. La kwanza lina maelezo.

Utaratibu huu kwa kifupi huitwa DPC, yaani "direct primary care", daktari wa familia unayemlipa moja kwa moja. Unajiunga na zahanati kama mwanachama, unalipa ada ya mwezi, mara nyingi kati ya dola 50 na 150 kwa mtu mzima, na daktari haitozi bima yako chochote. Ukimwona mara moja au mara tano kwa mwezi, ada ni ileile. Kwa kuwa hategemei malipo ya bima kwa kila anayeingia mlangoni, anaweza kuchukua wagonjwa mia kadhaa tu, wakati mwenzake wa kliniki ya kawaida anabeba 2,000 na zaidi. Tofauti hiyo ya idadi ndiyo unayoilipia. Inakupa muda wake, simu inayopokelewa, na mtu anayekukumbuka. Msichanganye na wale madaktari wa matajiri wanaotoza ada kubwa ya mwaka na bado wanaidai bima. Huo ni mpango mwingine.

Kwa nini muda una uzito hivyo kwetu? Dalili zangu zilijitokeza nikimsuka binti yangu. Nikianza twende kilioni, nikifika katikati ya kichwa mkono wa kushoto unachoka, msuli unauma, unakuwa mzito mpaka niushushe. Nikiupumzisha dakika mbili tatu unakaa sawa, nikirudia inakuwa vilevile. Maumivu ya namna hiyo, yanayokuja ukiutumia mkono na kuondoka ukiupumzisha, yanaonyesha msuli haupati damu ya kutosha. Kulikuwa pia na homa ndogondogo za usiku, jasho, na nguo kunipwaya. Kwa mtu aliyezaliwa kwetu, dalili hizo zinaelekeza kwenye kifua kikuu, na kliniki ya kwanza ilielekea huko. Nilipimwa, hakikuonekana, nikaambiwa ni uchovu wa zamu za usiku. Natunza wazee, kwa hiyo jibu lilionekana lina mantiki. Kila nilipokwenda nilipewa dakika chache na daktari mwingine, na hakuna aliyesikia habari za nywele kwa sababu hakuna aliyeuliza siku yangu inakwendaje.

Mwenzangu wa kazini, dada Mkenya, ndiye aliyenipeleka kwa daktari wake wa uanachama, huku huku Texas. Siku ile tulikaa naye karibu saa nzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashika viganja vyangu vyote viwili kwa pamoja akitafuta mapigo. Kulia yalikuwepo. Kushoto akatafuta, akasogeza vidole, akatafuta tena. Akapima presha mikono yote: kulia 152 ya juu, kushoto 94. Kisha akaweka stethoskopu juu ya mfupa wa bega, pale penye kishimo karibu na shingo, akasikia damu ikivuma kama maji yanayolazimishwa kupita kwenye bomba lililobanwa. Hakuna mashine ya gharama hapo. Ni vidole, mkanda wa presha na masikio, na daktari asiyetazama saa.

Hakujifanya anaujua ugonjwa wenyewe, na hilo nampongeza nalo hadi leo. Aliniambia anachokishuku, akampigia simu bingwa wa baridi yabisi nikiwa nimekaa pale pale, akaagiza picha za MRI za mishipa ya shingo na kifua. Bingwa wa baridi yabisi ndiye anayeongoza tiba ya Takayasu, akisaidiana na wa moyo na wa mishipa. Daktari wa familia kazi yake ni kushika kumbukumbu, kutazama madhara ya dawa, na kuhakikisha mabingwa hawa wanasikilizana. Mkiwa na bahati ya kuishi karibu, au bima ikikubali, muone mara moja hata kwa mwaka kituo kinachoshughulika na magonjwa haya. Cleveland Clinic wana kitengo chao maalumu. Shirika la Vasculitis Foundation la Kansas City, Missouri, pia hutoa maelezo mazuri kwa wagonjwa.

Sasa kuhusu bima, na hapa naomba msome polepole. Ada ya uanachama si bima. Hailipi kulazwa, hailipi upasuaji, hailipi mabingwa, na MRI moja tu au dawa ya sindano ya kutuliza kinga kama tocilizumab inaweza kumaliza akiba ya familia. Mwenye ugonjwa wa mishipa akiacha bima kwa sababu amepata daktari mzuri wa dola 80 kwa mwezi, amejiweka pabaya sana. Mimi nina bima ya kazini, ile ambayo lazima nilipe maelfu ya kwanza mwenyewe kabla haijaanza kulipa, na juu yake naongeza ada ya daktari. Tangu tarehe 1 Januari 2026 sheria imeturahisishia: mwenye akaunti ya akiba ya matibabu ya HSA anaruhusiwa kuwa mwanachama wa DPC na kulipia ada kutoka humo, mradi isizidi dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja, au 300 kwa familia. Kabla ya hapo uanachama ungeweza kukunyima haki ya kuchangia akaunti hiyo.

Angalieni pia aina ya bima. Bima za HMO hutaka barua ya rufaa itoke kwa daktari aliye kwenye orodha yao, na daktari wa uanachama kwa kawaida hayumo. Rufaa yake inaweza kukataliwa hata kama ni sahihi kabisa. Bima za PPO, zinazokuruhusu kwenda kwa bingwa bila rufaa, hazisumbui sana. Walio kwenye Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na najua ndugu wengi waliokuja kama wakimbizi wako huko, waulize kabla ya kutoa senti yoyote: vipimo vilivyoagizwa na daktari asiyesajiliwa na Medicaid vinaweza kukosa kulipiwa. Kama una Medicaid na umeshapata daktari wa kawaida anayekusikiliza, baki naye. Sioni sababu ya kulipa mara mbili.

Kabla ya kujiunga, omba mazungumzo na daktari mwenyewe, siyo na karani. Wengi hukubali bila malipo. Mwambie jina la ugonjwa wako halafu nyamaza umsikilize. Akisema "silijui vizuri, nitasoma na nitaongea na bingwa wako", huyo ni wa kukaa naye. Akianza kukuuzia vidonge vya lishe vya kusafisha mishipa, aga uondoke. Muulize akisafiri nani anashika simu, vipimo vya damu vinagharimu kiasi gani kwake, kwa maana zahanati nyingi za aina hii zina bei zao za maabara zilizo chini sana. Muulize atafanya nini presha yako ikipanda saa nne usiku. Jibu la kweli linapaswa kuwa na mpaka. Ukipata maumivu makali ya kifua, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu ghafla, ulimi kuwa mzito au jicho kuacha kuona, unapiga namba ya dharura, 911, humwandikii daktari ujumbe. Yeye utamjulisha ukiwa njiani au baadaye.

Mimi na daktari wangu tuna karatasi moja ninayotembea nayo kwenye pochi, na nakala iko kwenye simu. Ina jina la ugonjwa, mishipa iliyobana, mkono wa kupimia presha, dawa na vipimo vyake, namba za mabingwa. Anaipitia kila dawa inapobadilika. Kwa wale ambao mikono yote imebana, karatasi iseme presha ipimwe mguuni, na kwa mkanda wa saizi ya mguu. Anatunza pia jedwali la presha za mikono yote na mapigo ya kila ziara, kwa sababu vipimo vya damu vya CRP na ESR, vinavyotafuta dalili za uvimbe mwilini, vinaweza kuonyesha kila kitu ni kizuri huku mishipa inaendelea kuvimba ndani kwa ndani. Ukiwa kwenye tocilizumab ndiyo kabisa, dawa yenyewe huishusha CRP. Picha za mishipa ndizo zinazosema kweli, na daktari anayekujua ndiye atakayegundua kwamba mapigo yaliyokuwepo mwezi wa tatu hayapo mwezi wa sita.

Dawa zetu, ambazo hushusha kinga ya mwili, ni nzito, na nyingi ya kazi ya daktari wa familia iko hapo. Prednisoni haikatizwi ghafla hata ukijisikia mzima; mwili uliozoea huacha kutengeneza homoni yake, na kuikatiza kunaweza kukuangusha vibaya. Inapandisha sukari na presha, inakula mifupa. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa, kwa hiyo chagua siku, iandike kwenye chupa kwa kalamu nzito, na mwenzako nyumbani aijue. Inadhuru mimba, na kwa kuwa wengi wetu tuko kwenye umri wa kuzaa, semeni mapema na daktari kuhusu uzazi wa mpango au kubadilisha dawa kabla ya kutafuta mtoto. Msione haya.

Kuna jambo ambalo madaktari wa hapa hulisahau na sisi tunapaswa kuwakumbusha: tumezaliwa wapi. Kabla ya kushushwa kinga, mtu wa kwetu anahitaji kupimwa kifua kikuu kilicholala mwilini, na kwa kuwa tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, kipimo cha sindano ya ngozi kinaweza kudanganya. Ombeni cha damu, IGRA. Apimwe pia minyoo ya strongiloidi, inayoweza kukaa tumboni miaka mingi bila dalili na kuenea mwili mzima ukianza prednisoni. Inatibika kwa ivermektini. Daktari wangu aliuliza kama nilikuwa natembea peku utotoni. Nilikulia Tanga, shambani kwa bibi, jibu analijua kila mtu. Tukapima.

Hayo hayo yanahusu safari ya nyumbani. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, na aliye kwenye dawa za kushusha kinga kwa kawaida hapewi. Uganda na Kongo hudai cheti, na Tanzania na Kenya zinaweza kukidai ukitokea nchi yenye ugonjwa huo, kwa hiyo unahitaji barua rasmi ya msamaha kutoka kwa daktari, na ni vizuri pia kufikiria kama safari hiyo ni ya lazima sasa. Dawa za malaria zichaguliwe zisigongane na unazotumia. Za kumeza zisafiri mkononi, ndani ya chupa zenye jina lako. Sindano ya tocilizumab inakaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda, kwa hiyo jua friji utakayofikia kabla hujakata tiketi, na mwone daktari miezi miwili kabla, maana barua, chanjo nyingine na kibali cha bima cha kuchukua dawa za ziada havipatikani kwa wiki moja.