Shule imemkatalia mtoto: maswali ya rufaa England

Barua za kuwapa watoto nafasi za sekondari hutoka 1 Machi, za msingi 16 Aprili, na maswali yenu hufuata siku hiyohiyo. Najibu ya England tu. Scotland na Wales wana taratibu zao.

Tumepewa shule tusiyoitaka. Tuikatae ili jopo linalosikiliza rufaa lituonee huruma?

Hapana! Kila mwaka swali hili. Ikubalini. Kukubali hakuidhuru rufaa hata kidogo. Mkiikataa na rufaa ikaanguka, Septemba mtoto anaweza kukaa nyumbani.

Tuna muda gani?

Tarehe ya mwisho imo kwenye barua. Isomeni. Ni angalau siku 20 za shule, wikendi na likizo hazihesabiwi.

Niandike nini ili nishinde rufaa ya Year 7 (mwaka wa kwanza wa sekondari)?

Usiitukane shule uliyopewa. Jopo halikukaa kwa ajili hiyo. Kwanza shule lazima ithibitishe kwamba mtoto mmoja zaidi ataathiri masomo ya wengine. Hapo uliza: miaka iliyopita mlizidisha idadi? Madarasa yana nafasi gani? Umbali wa kwetu mlipimaje? Wakithibitisha, jopo linapima hasara ya shule dhidi ya hasara ya mtoto wako, kwa hiyo eleza kwa nini shule *hii*, kwa mtoto *huyu*. Barua ya daktari inayosema "mama ameniambia" haina uzito. Iseme mtoto ana nini na shule hii itamsaidiaje. Zamu zako za kazi peke yake ni hoja dhaifu. Ukihitaji mkalimani, omba mapema, wala usimbebeshe mtoto kazi ya kutafsiri kesi yake mwenyewe.

Na kutumia anwani ya shangazi ili muonekane mnaishi karibu na shule, acheni. Wakigundua, nafasi hunyang'anywa.

Reception (darasa la kuanzia la msingi) ina watoto 30 tayari. Kuna matumaini?

Kidogo sana. Kuanzia Reception hadi Year 2 (watoto wa miaka 6 hadi 7) sheria inaweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na machozi hayakivuki. Utashinda hasa ukionyesha kwamba kanuni za udahili zilikosewa na kosa hilo ndilo lililomnyima mtoto nafasi, mfano umbali ulipimwa vibaya. Jiandikishe pia kwenye orodha ya kusubiri. Shule hulazimika kuitunza angalau hadi 31 Desemba.

Mwanangu ana EHCP (mpango rasmi wa msaada kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu).

Basi jopo hili si lako. Rufaa yako inakwenda kwenye mahakama ya mahitaji maalumu.

Tumeshindwa. Tukate rufaa tena?

Si kwa shule ileile mwaka uleule, isipokuwa hali imebadilika kwa uzito: mmehama, au mtoto ameugua. Ombudsman (mchunguzi huru wa malalamiko) hupokea malalamiko kuhusu jopo lililokiuka utaratibu, na kwa shule za academy (zisizoendeshwa na halmashauri) malalamiko hayo hupelekwa Wizara ya Elimu. Kutopenda uamuzi si ukiukaji wa utaratibu.