Jibu: Programu ya stoo haihudumiwi tena, duka la Mwanga, Kigoma

Habari ndugu. Umeuliza kuhusu programu ya stoo ya duka lako ambayo watengenezaji hawaihudumii tena. Toleo lako la zamani kuachwa nao hakulizimi. Shida ni leseni, yaani kibali cha kuitumia. Kama inahakikiwa kwenye seva yao (kompyuta yao ya mtandaoni), siku wakiizima huenda usifungue kitu, hata kama ulilipia ya kudumu. Kwa hiyo usipige windo upya (kusakinisha Windows tena) kwenye mashine hiyo kabla hujahamisha data, maana leseni huenda ikataka kuhakikiwa upya.

Leo jioni funga programu kabisa, ndipo unakili folda ya data kwenye flashi. Ukinakili ikiwa wazi, faili linaweza kutoka bovu na usijue. Jaribu kuirejesha kwenye kompyuta nyingine, uangalie salio la madeni.  Hamisha pia orodha ya bidhaa kwa CSV, faili la jedwali linalofunguka kwenye Excel.

Windows 7 yenyewe iliachwa na Microsoft Januari 2020, kwa hiyo kama ndiyo unayotumia, toleo jipya la programu laweza kugoma. Unatumia toleo gani la programu?