Forester ya Japani na wito wa springi za valvu

Ndiyo kaka, umeuliza kama wito wa Subaru, yaani tangazo la kampuni la kurudisha magari yenye kasoro yatengenezwe, unaihusu Forester iliyotoka Japani. Hata gari likiwa tayari Arusha wito unalihusu, kwa sababu unafuata namba ya chasisi, haumfuati mwenye gari. Huu wa Subaru ulitangazwa Novemba 2018: springi za valvu (zile zinazofunga valvu ndani ya injini) zinaweza kukatika na injini ikazima ukiwa barabarani. Forester na Impreza za 2012 na 2013 zimo, ila si zote.

Hakiki kwenye tovuti ya Subaru ya Japani. Ile ya Marekani inataka tarakimu na herufi 17, gari la Japani halina. Chukua kadi ya gari, andika namba kama ilivyo pamoja na kistari, mfano SJ5- kisha tarakimu zake. Mimi nilifanya hivyo hapa Moshi kabla ya kununua, yangu haikuwemo.

Ikiwemo, muulize kwanza wakala wa kampuni kama atakubali kutengeneza bure gari lililotoka Japani. Gereji ya mtaani utalipa mwenyewe, na kazi yenyewe ni ya kushusha injini. Ukianza kusikia mlio usio wa kawaida kwenye injini, tafadhali usiende nalo safari ndefu na watoto.